Walkman ya Kwanza Ilikuwa na Matundu Mawili

Nyuma ya soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kuna kibanda chenye upana wa mlango mmoja. Ndani anakaa kijana mwenye kompyuta ya mezani, kisoma kadi kilichofungwa kwa utepe mweusi, na daftari la kuandikia madeni. Kazi yake ni kujaza nyimbo. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama pale nikisubiri simu yangu ipate chaji, akashuka mzee mmoja kutoka kwenye kifodi cha Kibosho. Alivaa koti la baridi ingawa jua lilikuwa kali, na mkononi alishika redio ndogo nyekundu, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya mche.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Niwekee kwaya.”

“Za zamani au za sasa hivi?”

“Za zamani. Na dansi uweke, ila zikae mbali na kwaya. Safari iliyopita zilichanganyika, mama yenu hakupenda.”

Kijana akachomoa memori kadi iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akaichomeka kwenye kompyuta, akanakili. Hazikupita dakika tano. Mzee akatoa shilingi elfu mbili, akairudisha kadi mahali pake, akabonyeza, kwaya ikaanza kuimba. Akaingia sokoni kutafuta mbegu za maharage huku wimbo ukimtoka mfukoni.

Redio ile haina jina ambalo mtu angelitaja. Maandishi ya ubavuni yamefutika nusu. Ndani ina betri ya aina ya BL-5C, ile ile ya simu ndogo za Nokia, ikichoka unapata nyingine katika duka lolote la vifaa vya simu pale Double Road. Ina tochi, ina mahali pa flashi na mahali pa kadi, ina antena ya kunasa matangazo. Ukiingia kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kati ya Machame na Marangu huwezi kukosa kuisikia, na wafugaji wa Kimaasai wa upande wa Arusha wanaitembeza shingoni nyuma ya ng’ombe. Lakini ukisoma historia za vyombo vya muziki vya mkononi, hutaikuta. Utakuta redio ya transista, Walkman, Discman, iPod, kisha simu, vimepangwa kama ngazi, na kila ngazi imepimwa kwa gramu, kwa milimita na kwa idadi ya nyimbo. Kwa kipimo hicho sisi wa mlimani tumekuwa tukifika stendi basi likiwa limeshaondoka.

Mimi nadhani kipimo chenyewe ndicho kibovu. Nimeishi na vyombo hivi tangu utotoni, na swali lililoamua kipi kitadumu kwetu na kipi kitapita lilikuwa moja: je, kinaweza kupokea wimbo kutoka kwa jirani yako na kumpa jirani mwingine, bila kumwomba ruhusa mtu aliye mbali? Vipange vyombo vyote kwa swali hilo uone. Vilivyosifiwa sana vinarudi nyuma, na redio ya yule mzee inapanda mbele.

Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954 kwa bei ya dola 49.95. Iliingia mfukoni. Kwetu transista iliingia sebuleni na ikakaa pale. Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na Dar es Salaam kulikuwa na Matsushita waliotengeneza za National pamoja na betri zake. Redio ilikuwa ya nyumba nzima, mara nyingi ya mtaa mzima. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu nchi nzima walikaa katika vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadili vyoo na maji ya kunywa, kisha wakaenda kuchimba. Mwenye redio hakuwa msikilizaji kuliko wengine. Alikuwa mwenye betri.

Na betri ndiyo iliyotawala kila kitu. Baba yangu alikuwa na redio iliyokula betri kubwa sita. Taarifa ya habari ikiisha, aliizima. Hatukuthubutu kuigusa. Betri zikipungua nguvu zilitolewa na kuanikwa juani juu ya bati la banda la mbuzi, na kweli zilirudi na uhai wa siku mbili tatu. Mtu aliyekulia mahali penye umeme anaposoma kwamba Walkman ilitumia betri ndogo mbili tu, anaona jambo dogo. Mtoto wa kihambani aliposikia hivyo alipiga hesabu ya mwezi mzima.

Kabla ya Walkman, hata hivyo, ilikuja kaseti, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mholanzi Lou Ottens, mhandisi wa Philips aliyeongoza kikosi cha Hasselt kule Ubelgiji, alichonga kipande cha mti kinachoingia mfuko wa koti, akawaambia wenzake kwamba kifaa kitakachotengenezwa kisizidi hapo. Mwaka 1963 kaseti ikaonyeshwa Berlin. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, maana yake kaseti ya dakika 60 imebeba utepe wa mita 86 hivi. Udogo huo ulikuwa kazi kubwa, lakini uamuzi uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Sony waliwabana Philips, na Philips wakakubali kampuni nyingine zitengeneze kaseti bila kulipia haki ya ubunifu, ili mradi wafuate vipimo vile vile. Kwa hiyo kaseti ya Japani ilicheza kwenye redio ya Uholanzi, na kaseti isiyojulikana imetoka wapi, iliyopita mpaka wa Namanga ndani ya gunia la nguo, ilicheza kwenye zote mbili.

Nasema Namanga kwa sababu ndiko zilikopitia nyingi, na za kwetu Moshi zilipitia Taveta na Holili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na redio kaseti ilikuwa mali ya magendo. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, watu wengi walitupa au walificha mali walizoogopa kuulizwa zimetoka wapi. Nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba redio kaseti ya jirani ililala wiki tatu chini ya majani makavu ya migomba, imefungwa kwa nailoni. Mwaka uliofuata biashara ikalegezwa, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza, na redio zikatoka migombani.

Kaseti ilirekodi. Neno hilo moja linaelezea kila kitu kilichofuata. Ulikaa na kidole juu ya vitufe viwili, ukisubiri Radio Tanzania ipige wimbo unaoutaka, ukavibonyeza vyote kwa pamoja, ukaomba mtangazaji asiseme neno kabla wimbo haujaisha. Ukiogopa mtu asirekodi juu ya kanda yako, ulivunja kile kijino cha plastiki kilichoko mgongoni. Ukibadili mawazo, ulikibandika kikaratasi. Sheria ya umiliki ilikuwa mikononi mwako, ukubwa wake wa nusu ukucha. Mjini kulikuwa na vibanda vya kudabu, unampa fundi kaseti tupu na orodha, unarudi jioni. Kaseti za kwaya za makanisa yetu zilizaliana hivyo kutoka usharika hadi usharika.

Na watu waliandikiana barua kwa kaseti. Bibi yangu mzaa baba hakujua kusoma. Mwaka 1991 alikaa jikoni, redio ikawekwa juu ya kigoda, akamzungumzia baba yangu mdogo aliyekuwa Dar es Salaam: habari za ng’ombe, za shamba la kahawa, za nani kafiwa, kisha akaimba. Yote kwa Kichaga. Baba mdogo aliisikiliza, akavunja kile kijino, akairudisha Desemba.

Desemba ndiyo bandari yetu. Mchaga akiwa Mwanza, Nairobi au Dar, Krismasi anapanda nyumbani, na vyombo vyote nilivyowahi kuviona kwa mara ya kwanza nimeviona kati ya tarehe 20 Desemba na mwaka mpya. Walkman niliiona hivyo, Desemba 1988, kiunoni mwa baba mdogo huyo huyo.

Walkman ya kwanza kabisa, TPS-L2, ilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa yen 33,000. Masaru Ibuka wa Sony alitaka kitu cha kusikilizia muziki katika safari ndefu za ndege, mafundi wakachukua kirekodi kidogo cha waandishi wa habari, wakatoa sehemu ya kurekodi, wakaweka sauti ya stereo. Akio Morita, mwenzake, aliona vibaya kwamba mtu ajifungie peke yake na muziki, kwa hiyo toleo lile likawekwa matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya machungwa: ukikibonyeza, muziki unapungua na mnasikiana mkizungumza. Mimi huguswa sana na kitufe kile. Ni kama chombo chenyewe kilitaka radhi mapema. Lakini wanunuzi walionyesha kwamba walitaka chao peke yao. Kitufe kikaondolewa katika matoleo ya baadaye, na tundu la pili likafuata.

Kwa kipimo changu, Walkman ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Ilicheza, haikurekodi. Haikuwa na spika. Ingekuja peke yake isingetufaa kwa lolote. Iliishi kwetu kwa sababu ilikula kanda ile ile iliyorekodiwa na redio kaseti ya sebuleni, na kwa sababu tuliipuuza nia yake. Siku ile ya Desemba tulikuwa watoto tisa, tukapanga mstari chini ya mparachichi, kila mmoja wimbo mmoja. Aliyevaa hedifoni alipiga kelele kuwaeleza wengine anachosikia, maana hakujua kwamba yeye mwenyewe anapaza sauti. Kurudisha kanda tulitumia kalamu ya Bic, pembe zake sita zinaingia sawasawa kwenye meno sita ya gurudumu la kaseti. Hatukutaka betri zipotee kwa kazi ambayo mkono unaweza. Zilipokaribia kwisha, sauti ya mwimbaji ilizidi kuwa nzito na ya polepole, tukajua zamu inayofuata haitafika.

Kuhusu Discman nina machache. Sony walitoa ya kwanza mwaka 1984, sauti yake ilikuwa safi, lakini CD inasomwa kwa mwanga na haitaki kutikiswa. Wala barabara ya Kibosho ya miaka ile haikuwa ya chombo kama hicho, hata baada ya kuwekewa kumbukumbu ya kuzuia kuruka. Na huwezi kurekodi salamu za bibi kwenye CD ya dukani. MiniDisc ya 1992 ilirekodi, tena vizuri sana, na ninawajua watu wa redio walioipenda, lakini diski zake hazikuwahi kuwa bidhaa ya gengeni. Vyote viwili vilipita juu ya vichwa vyetu.

Kilichokuja kugeuza mambo hakikuwa chombo. Ilikuwa hesabu. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walitafuta sauti ambazo sikio la binadamu halizisikii kwa kuwa zimefunikwa na nyingine, wakaziondoa. Wimbo wa dakika tatu uliochukua karibu megabaiti 32 kwenye CD ukabaki na megabaiti zisizofika tatu. Mwaka 1995 wakauchagulia mtindo huo jina la faili ambalo kila mtoto wa mjini leo analijua: MP3. Mwaka 1998 zikatoka MPMan ya Korea Kusini na Rio ya Marekani, kila moja ikianza na megabaiti 32, yaani kama nusu saa ya muziki, upande mmoja tu wa kaseti ya dakika 60. Wenye makampuni ya kurekodi Marekani wakaishtaki kampuni ya Rio, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kuhamisha nyimbo zako kutoka kompyuta yako kwenda kwenye chombo chako si kosa. Hukumu ile ilitolewa mbali sana na Mbuyuni, lakini ingekwenda upande mwingine, vyombo vilivyofuata huenda visingekuwa na mlango wa kuingizia nyimbo kutoka popote.

Kisha Oktoba 2001 ikaja iPod, gigabaiti tano, dola 399, nyimbo elfu moja mfukoni. Mimi niliionea mlimani.

Kuanzia 2004 nilipanda Kilimanjaro kama mpagazi kwa misimu mitatu, nikitafuta ada. Wageni walikuja na vicheza muziki vya kila namna, na hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna tangazo lililolisema. iPod za mwanzo hazikuwa na kumbukumbu ya flashi. Zilikuwa na diski ngumu ya inchi 1.8 inayozunguka, na kichwa kinachoisoma diski hakiigusi, kinaelea juu ya utando mwembamba wa hewa. Hewa ikipungua, utando unapungua, kichwa kinaweza kugusa diski na kuikwaruza. Ndiyo maana maelezo ya iPod zile yaliweka kikomo cha matumizi kuwa mita 3,000. Katika njia ya Marangu, kikomo hicho unakivuka siku ya pili, ukishapita kibanda cha Mandara na kabla ya kufika Horombo. Kileleni, mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Nilimwona mgeni mmoja, chombo chake cha diski (kampuni siitaji) kimenyamaza juu ya Horombo, akikipigapiga kwenye goti. Mpishi wetu, mtu wa Old Moshi, alikuwa na redio kaseti ndogo aliyoilaza na betri zake ndani ya soksi kila usiku ili baridi isizinyonye. Ilicheza hadi Kibo.

Siku ya mwisho, lango la Mweka, wageni huacha vitu: viatu, jaketi, tochi. Mwaka 2005 nilipewa kicheza muziki kidogo chenye nyimbo kama mia mbili za Kijerumani. Nilikipeleka kwenye duka la intaneti mjini niongeze za kwetu. Kompyuta ikauliza: ufute vyote uanze upya? Vyombo vya aina ile vilifungwa kwenye maktaba ya kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilikuwa Ulaya, nyumbani kwa mtu ambaye sitamwona tena. Nikakataa kufuta. Kwa mwaka mzima nilisikiliza nyimbo zile zile mia mbili, nikazijua zote bila kujua zinasema nini. Nilimshukuru yule mgeni na bado namshukuru. Lakini nilielewa kwamba nimepewa chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, na kisichojua kupokea.

Wakati huo huo, chini, wauza vifaa wa Arusha walikuwa wameanza kuleta MP3 za Kichina kwa bei ya kawaida. Zilivunjika haraka, vitufe vyake vililegea, rangi ilibanduka. Lakini ukizichomeka kwenye kompyuta yoyote zilijifungua kama flashi ya kawaida, unaburuta wimbo, umekwisha. Hazikukuuliza wewe nani. Kisha memori kadi, ile ndogo iliyopata vipimo vya pamoja mwaka 2005, ikaingia kwenye simu, na mchezo ukaisha. Kijana wa Ngarenaro, Arusha, aliyerekodi hip hop yake usiku alikuwa na wimbo mitaa ya Sakina na Unga Limited kesho yake asubuhi, umerushwa kwa Bluetooth simu hadi simu, mmoja ameketi juu ya kreti la soda na mwenzake kainama kumsogelea. Jiji la Arusha lilipata jina katika muziki ule kabla ya redio nyingi kuukubali, na sehemu ya sababu ni ile kadi.

Najua nitakachoulizwa hapa, na wenye haki ya kuuliza ni wanamuziki. Yule mzee alilipa shilingi elfu mbili, na hakuna hata senti moja iliyomfikia aliyeimba. Kudabu kaseti kuliwaumiza, kujaza kadi kuliwaumiza zaidi, na nimekutana na wanakwaya walionunua sare kwa michango wakati nyimbo zao zikilia katika kila kibanda. Sheria ya Hakimiliki tuliipata mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikapewa kazi. Mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi za kubandikwa kwenye kanda na diski za muziki na filamu. Nia ilikuwa njema, lakini stempu hubandikwa kwenye kitu, na kufikia 2013 wimbo ulikuwa umeshaacha kukaa kwenye kitu. Ulikuwa hewani kati ya simu mbili. Siwezi kuutetea mfumo wa vibanda kwa upande huo, na mtu anayesema kwamba ulikuwa matangazo ya bure kwa msanii aende akaseme mbele ya msanii.

Programu za kusikiliza mtandaoni zilijibu hoja hiyo. Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015 ikiwa imewekwa ndani ya simu tangu kiwandani, ilifika mikononi mwa watu ambao hawakuwa na kadi ya benki. Spotify walifungua milango Tanzania mwaka 2021. Kila wimbo unaposikilizwa unahesabiwa, na kuna kinachomrudia mwenyewe, hata kama ni kidogo. Hilo ni jema, na ningependa liongezeke.

Ila kwa kipimo nilichoanza nacho, hiki ndicho kizazi cha kwanza ambacho chombo hakina kitu cha kumpa jirani. Unaweza kumtumia kiungo. Awe na bando, awe na mtandao, awe na akaunti. Mwaka jana tulikuwa msibani juu ya Kibosho, usiku wa kuamkia mazishi. Wafiwa walitaka wimbo mmoja wa kwaya ambao marehemu aliupenda. Watu wazima zaidi ya kumi tulitoa simu zetu, zenye thamani kuliko ng’ombe wawili, na kila mmoja akauona wimbo kwenye orodha yake. Mtandao ulikuwa ukipanda na kushuka. Mimi nilikuwa nimeupakua, lakini malipo yangu ya mwezi yalikuwa yamekwisha siku mbili kabla, na programu ikaufunga. Akatokea mlinzi wa shule ya jirani na redio ya flashi. Alikuwa nao. Ukalia hadi alfajiri, na tochi ya redio ile ile ikatumika kumulikia sufuria.

Wengine watasema tatizo ni mtandao wa mlimani tu, nao utarekebishwa. Utarekebishwa, sina shaka. Kilichonifunga usiku ule kilikuwa tarehe. Wimbo ulikuwa ndani ya simu yangu, umekaa kwenye kumbukumbu niliyoinunua, na mtu nisiyemjua alikuwa na ufunguo. Tangu kile kijino cha kaseti hadi kadi ya mzee, ufunguo ulikuwa kwetu. Mwaka 2016 Apple waliondoa hata tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, na wengine wakawafuata. Kutoka mawili, kwenda moja, hadi hakuna.

Sidai turudi kwenye kalamu ya Bic. Ninachotaka kinawezekana leo. Wimbo nilioulipia ubaki mkononi mwangu nikiacha kulipa, kama kitabu kinavyobaki rafuni. Wasanii wetu na kwaya zetu wauze faili moja kwa moja, kwa malipo ya simu, na vijana wa vibanda kama yule wa Mbuyuni wawe mawakala wao wenye fungu linalojulikana, kwa maana hakuna duka la muziki lililowahi kuwafikia wazee wa Kibosho kuliko wao. Kijana yule ana daftari. Anajua nani alitaka nini na lini. Hakuna aliyewahi kumwendea kumwomba hesabu, wamekwenda kumnyang’anya kompyuta tu.

Na kama una kanda nyumbani, kwenye kikapu au juu ya kabati, usiiache. Utepe unanata, sumaku inafifia, ukungu wa mvua za masika haungoji. Mwaka juzi niliipeleka kaseti ya bibi Arusha, Kaloleni, kwa fundi ambaye bado ana deki inayozunguka kwa mwendo sahihi. Alisafisha hedi kwa spiriti, akaipitisha kanda mwanzo hadi mwisho mara moja bila kurekodi ili iamke, kisha akainakili. Dakika 27. Ilitoka faili la megabaiti 26, ambalo lingeingia lote kwenye zile MP3 za mwaka 1998.

Desemba nikapanda nalo. Nilianza kwa redio ya mama, nikaenda kwa jirani, kisha watoto wakaanza kulirusha wenyewe simu kwa simu, wale wa Dar ambao Kichaga hawakijui wakiuliza bibi kasema nini hapa, na hapa. Tarehe 26 nilihesabu redio nne na simu saba. Baba mdogo simu yake haina mahali pa kadi. Aliniita pembeni, akatoa elfu ishirini, akanituma barabarani nimtafutie redio ile ya mlinzi, iwe nyekundu kama ipo.